Chenga Tupu

Dakar, saa tano usiku. Feni inazungusha joto lile lile.
Naandika oda ya tani elfu moja na mia mbili
kwa Bi Huỳnh Thị Lài, kinu cha Long Xuyên,
ambaye simjui sura, ila sauti, kavu,
ya mtu anayehesabu huku anaongea.

Aina: mchele mweupe, chenga asilimia mia.
Nimepiga mstari chini ya hiyo mia.
Mwaka juzi kinu kingine kilidhani nimekosea,
kikanihurumia, kikaniletea punje nzima,
ndefu, zinang'aa kama meno ya bwana harusi.
Wanawake wa soko la Tilène wakazichota, wakazimwaga.
"Mbissine, samaki wetu alale juu ya sindano?
Mchuzi utashika wapi?"

Unyevu: usizidi kumi na nne kwa mia.
Hapo simwachii mtu nafasi ya hisani.
Maji ni mazito, na nauli hulipwa kwa uzito;
sinunui mto Mekong kwa bei ya mchele.

Mawe: hakuna.
Sikusema machache.
Wadudu walio hai: hakuna.
(Wafu nao wasizidi. Nitawahesabu.)

Baba yangu, Latyr, aliandika oda moja tu maishani,
kwa wino wa buluu, kwa adabu zake zote:
*Tafadhali tuletee mchele mzuri.*
Ukaja. Ulikuwa mzuri kwa aliyeuuza.
Ulinuka ghala lililonyeshewa,
na hakuna aliyeutaka, hata kwa mkopo,
basi tukaula wenyewe, miaka miwili,
mama akiuchambua juu ya ungo, hasemi kitu,
kokoto moja, kokoto moja,
kila moja ikilia kwenye bakuli la bati
kama neno ambalo baba hakuliandika.

Kwa hiyo, Bi Lài, niwie radhi kwa kurasa nne.

Gunia: kilo hamsini za mchele,
si hamsini za mchele na gunia lake.
Mshono uzi mara mbili.
Magunia matupu ya akiba, mia nne na themanini,
maana makuli wa bandari yetu wana kulabu
na kulabu haina macho.
Nembo ni kibuyu cha kijani, kimesimama.
Safari ile kilichapwa kimelala,
wateja wakasema biashara yangu imemwagika.
Mchele ufukizwe kabla meli haijang'oa nanga.
Mkaguzi nitamchagua mimi, nitamlipa mimi,
na sampuli aitoe katikati ya rundo,
si pale mlangoni ambapo kila mtu ni mwema.

Limebaki jambo moja sijui niliweke safu ya ngapi.
Ijumaa mchana, sinia moja, mikono saba,
chenga zimenywa mafuta na ndimu mpaka zimenyamaza,
halafu ukoko,
na shangazi anayejifanya hautaki
huku kijiko chake kimeshafika.
Maabara gani itanipimia hilo?
Nimeandika: *ziive vizuri*.
Nikaona "vizuri" imeketi pale kama baba na kalamu yake.
Nikaifuta.

Nikatuma. Kwake ilikuwa alfajiri.
Sikuwa nimezima feni, jibu likaingia:

"Mia nimeiona, mstari haukuwa na haja.
Marehemu mama alipika chenga, Saigon,
kwa kuwa ndizo zilizobaki kinuni
baada ya punje nzima kwenda kwa wenye fedha.
Siku hizi wenye fedha wanapanga foleni kuzila,
wanaziwekea yai juu, wanapiga picha.
Najua unachokitaka hata usichokiandika.
Ndiyo maana bei imepanda dola sita kwa tani."

Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akagonga mlango
kuuliza kama kuna habari njema.
Nikamwambia asubiri kidogo.
Nikaandika: tatu.